Mama Alikataza Kufagia

Mimi ni mtu wa ndani. Sijisifu, ni ugonjwa tu kama mwingine. Majirani zangu hapa Levolosi wakiniona nimevaa viatu vya kufunga huuliza kuna msiba wa nani. Hata kazi yangu imekaa kama mimi: natunza seva ndogo ya barua pepe, kompyuta iliyojificha chini ya meza ya cherehani, nimeifunika kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiiue na wageni wasiulize maswali. Humo ndani zinaishi anwani za watu wachache wanaonijua. Kuna duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja wa Kihindi mtaa wa nyuma, kuna nyumba ya wageni ya Tengeru, kuna kikundi cha akina mama wa usharika wetu. Na zamani ilikuwepo kampuni ya utalii ya mdogo wangu.

Kazi yenyewe sikuisomea. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani tulikubaliana yasizungumzwe wakati wa kula, nikaajiriwa kwenye stationery kutoa fotokopi. Bosi wangu ndiye aliyekuwa na seva. Alinifundisha kidogo kidogo, na alipohamia Dodoma akaniachia mashine, wateja, na onyo kwamba nisije nikamwaga chai karibu yake. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo akawa haniiti dada, ananiita Posta. "Posta, leo mmefungua?" Kila asubuhi, akitoka bafuni na taulo begani. Yeye aliishi nami, chumba cha uani, na biashara yake ilikuwa kupeleka wageni mbugani. Barua zote za wageni hao zilipita chini ya cherehani yangu. Mimi mwenyewe simba ninayemfahamu ni yule wa kwenye noti ya elfu mbili.

Nayasema haya kwa sababu ya mama yetu. Katika mwaka wake wa mwisho mama alitaka kitu kimoja tu: kitinda mimba wake ajue kwamba amesamehewa. Na aliyepewa kazi ya kumfikishia habari hiyo nilikuwa mimi, Posta.

Kosa la mdogo wangu lilikuwa shamba. Kwa desturi yetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na kiwanja cha mama, kwa hiyo nyumba ya Akheri na migomba yake ilikuwa ya kwake. Hilo halikuwa na ubishi. Lakini mama akiwa kwangu mjini kwa ajili ya moyo wake, kijana aliuza kipande cha chini, kile cha kando ya mfereji, akanunua gari la watalii. Mnunuzi akang'oa masale ya mpakani ili ajenge ukuta. Asiyetoka kwetu atayaona masale kama majani tu, marefu, ya kupandwa uani yapendeze. Kwetu ndiyo mpaka, na ndiyo msamaha: ukimkosea mtu unamletea isale mkononi, naye akilipokea, basi, hakuna anayeruhusiwa kulifukua jambo hilo tena. Hayo ndiyo yaliyotupwa kwenye toroli pamoja na mawe.

Mama alikwenda akaona. Baba wadogo waliitwa, mdogo wangu akasimama mbele yao kama mwanafunzi aliyevunja dirisha, na mama, ambaye maisha yake yote alikuwa hapandishi sauti, akasema polepole: "Nilizaa watoto wawili. Mmoja nimemsahau jina."

Mdogo wangu alichukua kofia yake kwenye benchi, akaondoka.

Hakukaa sana Arusha baada ya hapo. Rafiki yake alikuwa Lusaka akihangaika na biashara hiyo hiyo ya utalii, akamfuata. Aliacha kitanda, godoro, na raba zake za mazoezi chini ya kitanda. Kitu alichobeba ni jina la kampuni, maana wageni wa zamani walilijua. Alipofika Tunduma mpakani alinitumia ujumbe wa mwisho kwa laini yake ya hapa kabla ya kuitupa: barua pepe zake sasa zitatunzwa na watu wa huko Lusaka, kwa jina lile lile, nimfutie zake kwangu. Hakuniita Posta. Hakuniita kitu.

Nikakaa kwenye mashine. Mama alikuwa pembeni yangu anachambua mchele.

"Unafanya nini?"

"Naondoa vitu vyake kwenye seva. Jina la kampuni, sanduku lake, kila kitu. Amehama."

"Amehama lini?"

"Leo hii, mama, yuko njiani. Anavuka mpaka."

Mama akaweka ungo chini. "Yuko njiani halafu wewe unafagia?"

Nilicheka. Nyumba ya mama ina sheria zake, na hii nilinyonya nayo: mtu akisafiri hufagii nyuma yake, utakuwa unaifagia njia yake ya kurudia. Unasubiri mpaka usikie amefika. Nikamweleza kwamba hii ni kompyuta, hakuna vumbi, hakuna nyayo. Kumbuka huyu ndiye aliyemsahau mtoto jina mbele ya ukoo mzima. Sasa ananikataza nisifagie nyuma yake.

"Acha kwanza," akasema. "Akifika utafagia."

Nikaacha. Chumba cha uani nacho hatukukifagia, tulikifunga tu. Na kwa kuwa hakuna aliyetupigia kusema amefika, hakuna kilichofagiwa, huku wala kule. Siku zikapita, nikasahau kabisa. Wateja wangu hawakulalamika, umeme ukikatika betri inapiga kelele, ukirudi inanyamaza. Mimi kwa mambo yasiyopiga kelele ni msahaulifu mno.

Mvua za masika zilipoanza mama alibadilika. Alikwenda Akheri na mama mmoja wa kanisani, akarudi na isale limefungwa kwenye gazeti, mizizi na udongo wake. Alipewa na shangazi yetu, kutoka mpaka wa shamba lake. Alilipanda kwenye kopo la rangi, akaliweka koridoni mahali ambapo kila apitaye lazima ajikwae.

"Hili ni la nani?" nikamuuliza.

"La mwenyewe."

"Si yeye ndiye aliyekosa? Si yeye ndiye alete?"

"Yeye alikosa kwa shamba. Mimi nilikosa kwa mdomo. Shamba ni udongo." Akalimwagilia. "Mwandikie."

Nilimwambia tutafute namba yake, tupige. Hakutaka. Simu, alisema, unamkaba mtu. Anaweza kujibu vibaya kwa kushtuka, halafu neno likawa neno. Barua unampa nafasi ya kukasirika akamaliza, ndipo ajibu. Basi tukatumia anwani ya mama kwenye seva yangu, ambayo mdogo wangu aliijua tangu nilipoifungua pamoja na za akina mama wa usharika, na siku nyingi za mwaka ule, baada ya chai ya saa nne, alikaa kwenye kiti cha cherehani akawa ananisomesha imla.

Kumwandikia mama kulitaka moyo. Alianza na salamu za watu wote, waliomo na wasiokuwemo. "Mwambie ng'ombe wa baba yake mdogo amezaa." Naandika. "Usiseme ndama ni dume, atadhani tunalalamika." Nafuta. "Soma." Nasoma. "Mbona unasoma kama mtu wa redio? Soma kama mimi." Ndipo, mwishoni kabisa, akiangalia dirishani kama vile si yeye anayesema: "Mwambie lile neno nimelirudisha mdomoni. Mwambie isale lake lipo, limeshika. Aje alichukue."

Nabonyeza. Ananiuliza imefika?

Na mimi, mtaalamu, nikamjibu kila mara vile vile: "Ingekuwa haijafika ingerudi. Haijarudi. Basi imefika."

Hilo lilimtosha kwa kusubiri, na lilimtosha kwa kuumia. Maana kama imefika, basi ameisoma. Kama ameisoma na kunyamaza, basi hilo ndilo jibu. Mama hakulalamika. Aliendelea kutuma, kila barua fupi kuliko iliyotangulia, mpaka ile ya mwisho ikawa haina ng'ombe wala salamu. Ilikuwa: Mwanangu, isale limekuwa refu.

Moyo wake ulisimama akiwa usingizini, nyumbani kwangu. Sina zaidi la kusema hapo.

Baba mdogo alipata namba ya Lusaka kupitia dereva mmoja wa watalii, na mdogo wangu akawahi kuzika. Alifika Akheri amevaa suti ya kuazima, mikono ya koti imeishia kabla ya vifundo. Hakuja kukaa upande wetu. Alisimama na watu waliokuja tu kusaidia, akatupa udongo, akarudi kusimama. Wakati wa chakula nilimkuta kwenye beseni la kunawia. Nikammiminia maji mikononi, kama ninavyomfanyia mgeni yeyote.

"Pole na safari," nikasema.

"Nimeshapoa."

"Mama alikusubiri sana."

Akanitazama kwa macho ambayo sikuwa nayajua. "Dada, usinifanyie hivyo. Mimi nilibisha hodi. Ninyi ndio mliokataa kufungua."

Nikajua ni uchungu unasema, au aibu. Nikampa taulo, nikaenda kwa anayefuata. Kesho yake asubuhi alikuwa ameshaondoka. Na mimi nilirudi Levolosi na kopo langu la isale pale pale koridoni, nikawa namwagilia kwa hasira. Nilikuwa nimeamua: ndugu sina tena. Na yeye bila shaka aliamua hivyo hivyo, kwenye basi.

Aliyenifungua macho ni yule mzee wa vifaa vya ujenzi. Hujenga hoja kama anavyopanga mabati, moja juu ya jingine, na hana haraka. Alikuja baada ya matanga, akanipa pole, akakataa kiti, akakaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Naona posta yako nayo imefiwa."

"Kwa nini tena?"

"Nina wageni, wajukuu wa dada yangu, wanataka kutembea Zambia. Nikasema nimpe kazi mdogo wako, ni mtoto wetu. Nikamwandikia kwa anwani ya dukani. Kimya. Nikamwandikia tena. Kimya. Nikasema labda bado anaomboleza."

"Huyo ndivyo alivyo, baba," nikasema. "Hakumjibu mama yake, atakujibu wewe?"

"Ngoja. Jana kijana wangu akachukua simu yake mwenyewe, anwani yake mwenyewe ile ya bure ambayo kila mtu anayo, akamwandikia maneno yale yale. Chai yangu haijapoa, amejibu. Na anasalimia." Akainuka, akajipapasa magoti. "Angalia mashine yako. Au tatizo ni harufu ya duka langu?"

Alipotoka nilikasirika kwanza. Nikasema huyu mtoto anawajibu watu wa simu, anamwacha mama yake na barua zake. Halafu ikanijia, taratibu, kama unapokumbuka umeacha jiko linawaka. Duka liko kwenye seva yangu. Mama alikuwa kwenye seva yangu. Mimi niko kwenye seva yangu. Yule kijana, na simu yake, yuko nje.

Nilivuta kiti cha cherehani nikakaa alipokuwa anakaa mama.

Nitaeleza kama nilivyojieleza mwenyewe. Seva ina orodha ya majina ambayo ni ya humu ndani. Barua ikitumwa na mtu wa humu, seva kwanza inaangalia: huyu anayeandikiwa ni wa kwetu? Akiwa si wa kwetu, inauliza huko duniani anakaa wapi na kuipeleka. Akiwa wa kwetu, haina haja ya kutoka nje, inamwekea chumbani kwake. Jina la kampuni ya mdogo wangu lilikuwa bado kwenye orodha. Sanduku lake lilikuwa bado lipo. Kwa seva yangu, yule kijana hakuwahi kuvuka Tunduma. Watu wa mbali wote walimpata bila shida, Wajerumani, Waitaliano, nani. Sisi tuliokuwa naye chini ya paa moja ndio pekee tusioweza kumfikia. Na hakuna barua iliyorudi, maana kwa hesabu ya mashine zote zilifika.

Nilifungua sanduku lake la zamani. Zilikuwepo zote. Ng'ombe alikuwepo. Isale lilikuwepo. Hakuna hata moja iliyosomwa.

Ndipo nikakumbuka beseni la maji na maneno yake: nilibisha hodi. Bosi wangu wa zamani aliwahi kusumbuliwa na matapeli waliokuwa wanaandika kutoka huko nje wakijifanya ni wateja wake, wakiomba wageni watume pesa. Akaweka kanuni mlangoni: mtu yeyote anayetoka nje na kujiita kwa jina la humu ndani, bila ufunguo wa humu, afukuzwe. Kanuni nzuri, sijawahi kuigusa. Mashine huandika kila mtu inayemfukuza, lakini hufuta ya zamani yenyewe, hivyo niliweza kuona ya karibuni tu. Alikuwepo. Kutoka Lusaka, kwa jina lake halisi, kwenda kwa mama. Amekataliwa. Tena kwenda kwa mama. Amekataliwa. Mara moja kwenda kwangu. Amekataliwa. Kila mara mashine ilimrudishia ujumbe mkavu wa Kiingereza kwamba hana ruhusa. Nani mwingine angemfungia? Dada yake ndiye anayeshika mashine.

Alichotaka kusema sikukiona. Mlango haukupokea maneno, ulibaki na hodi tu.

Nikaanza kufagia. Nikawa naandika na kukosea kama siku ya kwanza stationery. Kwanza nilizitoa barua za mama nikazihifadhi pembeni. Kisha nikaliondoa jina la kampuni kwenye orodha ya majina ya humu, nikaondoa anwani za njia ya mkato alizokuwa ametengeneza za kila dereva, nikaondoa ufunguo uliokuwa ukitia muhuri barua zake, mwisho sanduku lenyewe. Mashine iliniuliza nina uhakika. Kwa miaka yote tuliyoishi pamoja ile mashine haikuwahi kuniuliza swali la maana hivyo. Nikaizima, nikaiwasha, nikaipa muda.

Nikamwandikia, kutoka anwani yangu, hii ya hapa ndani. Niliandika na kufuta mno, mwisho zikabaki sentensi hizi: "Mdogo wangu, hukufungiwa. Mama alinikataza kufagia nyuma yako mpaka tusikie umefika, na mimi nikaacha vitu vyako kwenye seva, ndivyo vilivyoziba. Alikuandikia mwaka mzima. Nimekuwekea hapa chini, zote."

Safari hii niliifuatilia kwenye mashine mpaka nikaona imetoka nje ya nyumba.

Hakuandika. Alipiga. Namba ndefu ya kigeni, nami kwa kawaida sipokei namba nisiyoijua, huwa naiacha ilie mpaka ichoke. Nilipokea.

Nikasikia gari likipita huko kwao, na mtu akipenga kamasi.

"Posta," akasema.

"Abee."

"Mmefungua?"

"Tumefungua. Tulikuwa tunafanya usafi."

Akacheka, kisha kile kicheko kikageuka njiani, na mimi nikafuata. Tulilia hivyo kwa muda, mtu na simu yake, kama watoto waliopigwa kwa kosa moja. Mimi nimekaa chini sakafuni, mgongo kwenye cherehani.

"Alizaa dume?" akauliza baadaye.

"Nini?"

"Ndama. Barua haisemi."

"Alikuwa dume. Alinikataza nisiseme."

"Mama huyo." Akavuta pumzi. "Na hilo isale?"

"Lipo kwenye kopo la rangi. Limenipiga kidole gumba mara nyingi kuliko wewe ulivyonipiga utotoni."

"Usilipande popote. Nakuja kulichukua. Halafu..." Akasita. "Lazima nilichukue kwa mkono wa mtu, dada. Haliokotwi."

"Nitakupa mimi."

"Si wewe niliyetaka anipe."

"Najua."

Kisha akaniambia zile barua zake alizokuwa amerudishiwa bado anazo, hakuzifuta. Akaniuliza kama anwani ya mama ingali inafanya kazi. Kwa utaratibu nilipaswa kuwa nimeshaifuta; mtu akifariki anwani yake inafungwa, wateja wangu wote nawafanyia hivyo. Nikamwambia inafanya kazi.

"Basi shika hapo hapo," akasema.

Nikainuka nikakaa kwenye kiti. Zilianza kuingia kwenye kikasha cha mama, moja, kisha nyingine, kila moja na jina la mdogo wangu limekolezwa wino kama inavyokuwa barua ambayo haijafunguliwa. Mlango haukumuuliza kitu. Sikuzifungua. Hazikuwa zangu. Koridoni isale lilikuwa linahitaji maji na nilikuwa sijalimwagilia tangu asubuhi.

"Dada," akaniuliza kwenye simu. "Zimefika?"

Niliangalia tena kikasha, mpaka chini.

"Hazijarudi," nikamwambia.